Mwimo wa Mlango Uliopinda: Mhadhara juu ya Miwani Mipya Inayopotosha Umbo la Vitu



Katika miaka mingi niliyofanya kazi ya kupima macho na kutengeneza miwani katika mkoa huu wa Pwani, neno nililowaambia watu mara nyingi kuliko maneno mengine yote, na ambalo leo naliona limewadhuru watu wengi kuliko kosa lolote la mashine, ni neno "utazoea". Mtu huja kuchukua miwani yake mipya, akaivaa, akasimama, akaitazama sakafu, kisha akasema kwa sauti ya mashaka kwamba sakafu imeinuka upande mmoja, au kwamba ukuta umefanya tumbo, au kwamba kidato cha kibarazani hakipo pale mguu unapokitafuta, nami nilikuwa nikimwambia, kwa yakini ya mtu ajuaye, "Utazoea, ni siku chache tu." Aghalabu ilikuwa kweli, lakini nilikuwa nikiisema kabla sijaichunguza, na kwa ajili hiyo ipo miwani iliyofungwa ndani ya makasha na watu walionyamaza, ambao hawakurudi tena kwa sababu waliona haya kumsumbua mtaalamu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amekwisha kulitolea hukumu.

Mmoja wao alirudi, na kwake yeye nilijifunza haya nitakayoyasema. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Maneromango, wilayani Kisarawe, msuka mikeka, ambaye macho yake ya karibu yalikuwa yamepungua kama yapunguavyo ya kila mwanadamu aliyevuka miaka arobaini, na ambaye juu ya hayo alikuwa na kasoro nyingine iliyohitaji lenzi ya namna ya pekee. Siku aliyochukua miwani alikuwa na ukili mkononi, maana wasusi wa kwetu hawaachi ukili nyumbani hata wakiwa safarini, akausuka kidogo palepale kwenye benchi, akauinua kwenye mwanga, akasema: "Baba, vidole vyangu vyajua kuwa nasuka sawa, lakini macho yananiambia umekwenda upogo." Nikamwambia atazoea. Akashukuru, akapanda basi, akaenda zake. Baada ya miezi minne alikuja mjini kwa shughuli nyingine, akaniwekea mezani miwani ile ikiwa imefungwa katika kipande cha kanga, safi kama siku niliyompa, akasema hakuweza kuizoea na kwamba muda wote ule alikuwa akisuka kwa kupapasa.

Nikaipima tena. Nguvu ya lenzi zote mbili ilikuwa ileile iliyoandikwa kwenye cheti cha vipimo vya macho yake. Lakini lenzi ya jicho la kulia, ambayo mhimili wake, yaani mwelekeo ambao lenzi hukaa mbele ya jicho, uliandikwa nyuzi 80, ilikuwa imekatwa kwa nyuzi 100. Yaani fundi aliyeikata aliusoma mhimili kutoka upande wa pili wa lenzi, na mimi niliyeipokea sikuihakiki. Mama yule hakuwa mkaidi wala mwoga wa kitu kipya. Alikuwa ameniambia ukweli mtupu, tena kwa neno lililo bayana kuliko istilahi zangu zote: upogo.

Ili tuelewane, yafaa niseme kidogo juu ya kasoro hiyo, ambayo wataalamu huiita astigimatizimu. Kioo cha mbele cha jicho, kile kiitwacho konea, kwa mtu asiye na kasoro kina mkunjo ulio sawa pande zote kama mgongo wa mpira. Lakini kwa wengi wetu kimejikunja zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili, mfano wa yai lililolazwa, kwa hiyo nuru inayopita wima na nuru inayopita mlalo hazikutani mahali pamoja. Thomas Young wa Uingereza aliieleza kasoro hii mwaka 1801 baada ya kuipima katika jicho lake mwenyewe, na mwaka 1825 mwananchi mwenzake, mwanafalaki George Biddell Airy, akajitengenezea lenzi ya kuirekebisha, iliyo na nguvu upande mmoja na isiyo nayo upande uliokingama. Lenzi ya namna hiyo, ambayo sisi mafundi twaiita silinda, haifai kuwekwa vyovyote. Ni kama ufunguo, ambao hata ukiwa na meno yaliyo sahihi haufungui kitasa ukiingizwa upande. Hesabu yake haina huruma: mhimili ukikosewa kwa nyuzi 10, theluthi ya kasoro hubaki kama ilivyokuwa, ukikosewa kwa nyuzi 20, kama ilivyokuwa kwa mama yule, hubaki theluthi mbili, na ukikosewa kwa nyuzi 30 mtu hapati faida yoyote ya silinda ile, ila amebadilishiwa kasoro moja kwa nyingine iliyo sawa nayo kwa ukubwa na iliyoinamia upande mwingine. Mbaya zaidi, silinda iliyowekwa pogo huvinamisha vitu vyenyewe, kwa maana inakuza picha upande mmoja na kuipunguza upande mwingine, na mistari iliyosimama wima huonekana imelala kidogo.

Hata hivyo nitakuwa sikufanya insafu nikisema kwamba neno "utazoea" ni uongo. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Misri karibu na mwaka 1040, alibainisha katika kitabu chake cha Manadhir kwamba jicho halitumi miale ya kwenda kukigusa kitu, bali nuru ya kitu ndiyo ijayo jichoni, na kwamba kuona hakukamiliki jichoni, bali hukamilishwa na akili inayohukumu na kulinganisha. Miaka mia nane na zaidi baadaye, mwaka 1897, Mmarekani George Stratton alitoa habari za jaribio lake la kuvaa kwa siku nane lenzi iliyoipindua dunia nzima juu chini. Siku za mwanzo alikuwa akijikwaa na kukosa hata kushika kitu, na kabla siku hazijakwisha alikuwa akitembea na kufanya shughuli zake kwa wepesi. Basi akili ya mwanadamu ina uwezo mkubwa wa kuzoea, na mtu aliyebadilishiwa namba, yaani nguvu ya lenzi, au aliyepewa miwani kwa mara ya kwanza, ana haki ya kuona dunia kigeni kwa siku kadhaa. Lenzi ya hasi, wanayopewa wasioona mbali, huvifanya vitu vidogo kidogo na kuipa mistari ya pembeni tumbo kama la pipa. Lenzi ya chanya hukuza, na mistari ya pembeni huingia ndani kama kiuno. Mambo hayo akili huyazoea, kwa sababu ni yaleyale asubuhi na jioni na macho yote mawili yameafikiana juu yake. Lakini yapo mambo ambayo akili haiyazoei au huyazoea kwa maumivu: ukungu unaotokana na nguvu isiyo sahihi, mhimili uliokosewa, na hitilafu baina ya jicho na jicho. Kazi ya mtaalamu ni kupambanua haya na yale, naye hawezi kupambanua kwa kutabasamu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mvishe mtu miwani, msimamishe hatua nne au tano kutoka mlangoni, mwambie autazame mwimo wa mlango, ule ubao ulionyooka wima ambao fundi seremala ameupima kwa timazi, kisha afunike jicho la kushoto kwa kiganja, na baadaye la kulia. Ikiwa mwimo umepinda kwa macho yote mawili yakiwa wazi lakini unanyooka kila jicho linapotazama peke yake, basi tatizo limo katika ushirika wa macho mawili: vitovu vya lenzi haviko mbele ya mboni, au fremu imekaa upande, au picha za macho mawili hazilingani ukubwa kwa sababu jicho moja lina namba ndogo na la pili namba kubwa. Ikiwa mwimo umepinda kwa jicho moja tu hata likitazama peke yake, ishike lenzi ya jicho hilo na uanzie hapo. Na ikiwa, nawaomba mnisikilize vizuri hapa, mwimo unabaki umepinda hata mtu akiivua miwani, hasa ukiwa umejikunja katikati ya mtazamo wa jicho moja, basi miwani haina hatia. Ugonjwa umo ndani ya jicho, penye kiini cha retina, na mtu huyo asicheleweshwe hata wiki moja. Apelekwe hospitali ya Tumbi au ya wilaya Kisarawe, wampime, na ikibidi wampeleke Muhimbili au CCBRT. Nimewaona watu waliobadilishiwa miwani mara tatu kwa ugonjwa usiotibika kwa miwani.

Kipimo cha pili ni cha vitovu, nacho pia mtu aweza kukifanya penye dirisha la nondo. Ishike miwani kwa mkono ulionyooka, funga jicho moja, tazama kupitia lenzi moja mahali nondo ya wima inapokutana na nondo ya mlalo, uisogeze polepole mpaka nondo zote mbili zionekane zimepita ndani ya lenzi na nje yake bila kukatika. Hapo katikati pana kitovu cha lenzi, pawekee nukta ya wino. Fanya hivyo kwa lenzi ya pili, kisha pima kwa rula umbali wa nukta hizo mbili na uulinganishe na umbali wa mboni za mwenye miwani. Niliwahi kuletewa miwani ya mwanafunzi mmoja wa Kibaha, mwenye namba ya hasi 5 macho yote mawili, ambaye kila jioni baada ya kudurusu alikuwa akisema macho yake "yanavutwa" na ubao wa darasani umeinama kama unaoanguka. Mboni zake zilikuwa na umbali wa milimita 62. Nukta zangu zilikuwa na umbali wa milimita 68. Kanuni ya mafundi ni nyepesi: zidisha nguvu ya lenzi kwa sentimita iliyokosewa. Sentimita 0.6 mara 5 ni 3, yaani kijana yule alikuwa kama amefungwa usoni mche, yaani kioo cha pembetatu kinachopindisha nuru, wenye nguvu ya 3, na macho yake yalilazimishwa kujisukuma kwa nje mchana kutwa ili yasione ubao mara mbili. Mwalimu wake alidhani ni uvivu. Tofauti ya wima ni kali zaidi: mche wa nguvu 1 tu baina ya jicho na jicho, juu na chini, wengi hawaumudu, na mara nyingi chanzo chake si maabara bali ni fremu iliyokaliwa kitandani.

Ndiyo maana kabla ya kuitilia shaka lenzi yafaa kuiangalia fremu. Iweke miwani mezani ikiwa imefunguliwa. Ikiwa mkono mmoja umeinuka, imepinda. Mvishe mtu, umtazame kwa mbele: nyusi ziwe sawa juu ya fremu. Kisha umtazame kwa ubavu: sehemu ya chini ya fremu huelekea shavuni kidogo, kiasi cha nyuzi 8 hadi 12, na lenzi huwa mbali na jicho kwa milimita 12 hadi 14 hivi. Kwa hiyo mtu aliyezoea fremu iliyokaa karibu na jicho akipewa ile iliyoteleza mpaka ncha ya pua, kama wafanyavyo wengi wakati wa joto la Ruvu, ataona namba imebadilika hata kama lenzi ni zilezile. Vile vipande viwili vidogo vinavyoegemea puani huchukua dakika mbili kuvirekebisha, na nimeona malalamiko mazito yakiondoka kwa dakika hizo mbili.

Juu ya miwani ya mbali na karibu kwa pamoja nitasema kwa ufupi. Bifoko, ambayo Benjamin Franklin wa Marekani aliielezea katika barua zake miaka ya 1780, ina mstari, na mtu anapoteremsha macho kupita mstari huo kitu huruka. Ngazi ndiyo hatari yake, na dawa yake ni kuinamisha kidevu badala ya macho. Ile isiyo na mstari, iliyotokea Ufaransa mwaka 1959, ina njia nyembamba ya kuonea katikati, na pembeni mwake vitu huyumba kama vinavyoonekana ndani ya maji. Kuyumba huko hakuna fundi awezaye kukuondoa kabisa, kwa kuwa ni sharti la umbile la lenzi yenyewe. Lakini kunapungua kama urefu wa njia umepimwa mtu akiwa amesimama kama asimamavyo siku zote. Dereva wa lori wa barabara ya Morogoro, anayetazama kioo cha pembeni kwa kona ya jicho mara elfu kwa safari moja, aambiwe mapema kwamba itambidi ageuze uso, si macho tu. Na akiona hawezi, apewe miwani miwili.

Tena yapo mambo ya mwili. Mwenye kisukari aliyepimwa macho siku sukari imepanda hupewa namba ya siku ile, na sukari ikishuka miwani ile huwa si yake; apimwe tena sukari ikiwa imetulia kwa majuma kadhaa. Mwenye mtoto wa jicho anayekua atarudi na malalamiko yaleyale hata ukimpa lenzi ya thamani gani.

Sasa niseme kwa nini mambo haya yananikera zaidi hapa kwetu kuliko ambavyo yangenikera mahali penye duka la miwani kila mtaa. Kibaha iko kando ya barabara kuu, kilomita zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam, na ni mahali ambapo mradi wa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Nordic, uliokabidhiwa kwa taifa letu mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha, uliweka shule, matibabu na mafunzo ya wakulima pamoja, kwa dhana kwamba mambo hayo matatu hayatengani. Lakini mtu wa Mzenga au wa Chole wilayani Kisarawe, anayetegemea bodaboda mpaka barabarani na basi baada ya hapo, na ambaye siku ya safari ni siku isiyo na jembe, hawezi kurudi mara tatu kwa ajili ya lenzi iliyokatwa nyuzi 20 kando. Kwake yeye siku ya kuchukua miwani ndiyo siku ya pekee ya kuihakiki. Na wala tusidhani kwamba gharama peke yake ndiyo inayowaweka watu bila miwani: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 juu ya wanafunzi wa sekondari wa Dar es Salaam wenye upungufu wa kuona ulionyesha kwamba baada ya miezi mitatu, katika waliopewa miwani bure ni asilimia 47 tu waliokuwa wakiitumia, ilhali kwa waliopewa cheti tu wakanunue wenyewe ilikuwa asilimia 26. Sababu za kuiacha miwani ni nyingi, na kutaniwa shuleni ni mojawapo. Lakini mtoto ambaye miwani yake inaipindisha sakafu ana sababu ya kutosha, na hatuisikii kwa sababu hatumwulizi.

Kwa hiyo, kwenu mnaovaa, naomba mrudi ndani ya wiki mbili msipoona nafuu, nanyi mje na mambo manne: miwani mipya, miwani ya zamani hata kama imevunjika, cheti mlichoandikiwa, na maneno yenu wenyewe yasiyotiwa adabu ya kupita kiasi. Msiseme "haifai". Semeni sakafu imeinuka upande gani, mwimo umepinda kwa jicho lipi, ni asubuhi au jioni, ni mbali au karibu. Miwani ya zamani ina siri nyingi, maana pengine mkunjo wa lenzi zake, au kitovu chake, ndicho jicho lilichozoea kwa miaka kumi, na kikibadilishwa bila mtu kuambiwa huleta adha ambayo cheti hakionyeshi.

Na kwenu wapimaji na mafundi wenzangu wa Maili Moja, Mlandizi, Kisarawe mjini na kokote mnakofanya kazi hii, naomba mtu asifungiwe miwani ndani ya kasha kabla hamjaipima lenzi na kuilinganisha na cheti, nguvu, mhimili na vitovu, na kabla mwenyewe hajatembea hatua ishirini kwenda na kurudi, akapanda na kushuka kidato kimoja, akasoma, na akafanya kwa dakika tano kazi ya mikono yake: mshonaji atunge uzi, msuka mikeka asuke ukili. Mama wa Maneromango nilimkatia lenzi mpya bila malipo, akakaa kwenye benchi lilelile, akasuka kiasi cha shubiri moja, akauinua ukili kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu, kisha akauingiza kapuni na kuniuliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi.